Mwaka Tuliochora Kwelea

Jumamosi, mchana. Mawingu yametanda tangu asubuhi, mvua hainyeshi, na upepo unapiga mabati kama mtu anayebisha hodi.

Sina raha leo. Siumwi, wala sina ugomvi na mtu. Ni uwele tu, nafaka yangu. Nimepita shambani asubuhi nikakuta punje zimeanza kukaza, na kila mwaka zikifika hapo mimi huanza kutazama juu. Majirani wananiona bibi kizee anaangalia mawingu, wanadhani nasubiri mvua.

Sisubiri mvua.

Juzi kuna mama mmoja alinipigia simu kutoka mjini. Anaandika habari za vitabu vya kwanza vya picha vya kuwatambua ndege wa nchi hii, na mtu fulani alimwambia kwamba huku kwetu Singida, enzi za vijiji vya ujamaa, kulikuwa na kijitabu cha namna hiyo kilichochorwa na mwalimu wa shule ya msingi. Akaniuliza kama namfahamu huyo mwalimu. Nikamwambia ni mimi. Alifurahi sana, akauliza habari za karatasi, za wino, za mashine. Nilijibu yote aliyouliza. Yaliyotokea baada ya kijitabu kutoka hakuyauliza, nami sikuyasema. Tangu akate simu moyo haujatulia, kwa hiyo nayaandika hapa mtandaoni.

Wakati ule ndiyo kwanza tumehamishiwa kijijini. Watu walitolewa kwenye makazi yao ya zamani, kila ukoo na mahali pake, wakapangwa kwa mistari pembeni ya barabara ya vumbi, upande huu wa Mungaa. Tembe zilikuwa mpya, udongo wa paa haujashikana, mvua ikinyesha unahamisha kitanda. Mimi nilifundisha darasa la tatu asubuhi, na jioni nikafundisha kisomo cha watu wazima. Mume wangu alikuwa kazini reli, Itigi, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Nilikaa na dada yake, wifi yangu Mwajuma.

Mwajuma alifiwa na mume akiwa bado kijana, na hakuolewa tena. Alikuwa na shamba lake la uwele na mtama nyuma ya nyumba, na zamu zake kwenye shamba la kijiji kama watu wengine. Wakati wa kuamia ndege alishinda juu ya dungu na kombeo mkononi, anawapigia ndege kelele tangu alfajiri hadi jua linazama. Msimu mzima sauti yake ilikuwa imekauka. Akirudi nyumbani alikuwa anaomba maji kwa ishara.

Asiyewajua kwelea nimweleze. Mmoja mmoja hana maana yoyote, ni kidudu cha kushika kwenye ngumi. Lakini haji mmoja. Wanakuja kama moshi unaotembea, wanageuka pamoja, wanashuka pamoja, na shamba ulilolipalilia kwa mgongo wako linabaki mabua. Mtu hakai mezani kuzungumza habari za kwelea. Anazisema amesimama, macho nje.

Serikali wakati huo ilikuwa imeanza kuwapulizia dawa kutoka angani. Pale shuleni watoto walinichanganyia sentensi mpaka nikaziandika ubaoni: ndege ya kupuliza dawa, ndege wa kupuliziwa dawa. Walicheka. Mimi sikucheka sana, maana dawa ile ilikuwa sumu, na tulikuwa tumeonywa hivyo.

Kila kijiji kilitakiwa kutoa taarifa: kwelea wanalala wapi, wanataga wapi. Ili tuwatambue, tukaletewa picha moja kubwa ya rangi. Ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mwenyekiti wetu, Mzee Ntandu. Ilikuwa picha nzuri kwa kweli. Dume amesimama kwenye suke, mdomo mwekundu, uso mweusi, kifua cha rangi ya waridi.

Balaa likaanza hapo.

Kila aliyeona wekundu akaona kwelea. Mzee Ntandu akawa anafungua ofisi asubuhi anakuta ndege wamelazwa kizingitini, wamepigwa kwa kombeo. Mmoja ana kifua chekundu na tumbo jeusi. Mwingine mwekundu mzima, mdogo kuliko kidole gumba, ndege ambaye huokota punje zilizoanguka chini ya kinu na hajawahi kumdhuru mtu. Mwingine ana mkia mrefu kama utepe. Mzee alikuwa mtu mzito, mwenye kusema kidogo. Aliwazika nyuma ya ofisi na kwenda kumwita Bwana Shamba.

Bwana Shamba wetu alikuwa Bwana Kitundu, Mnyiramba, mtu mpole mwenye baiskeli yenye kelele. Alikuja shuleni wakati wa mapumziko, akasimama mlangoni mpaka nilipotoka.

"Mwalimu Rehema, nasikia unachora."

"Nachora ubaoni tu. Ng'ombe, nyumba, mihogo."

"Basi tuchoree ndege wa mashambani. Wale wanaofanana. Mtu akishika karatasi ajue huyu ni kwelea, huyu siye."

Ndivyo ilivyoanza. Hatukuwa na mpango wa kuandika historia.

Sista mmoja wa zahanati ya misheni alikuwa na kitabu cha ndege, kizito, cha Kiingereza. Alituazima, akatuomba tunawe mikono kabla ya kukifungua. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Kurasa na kurasa za ndege wa kwetu, ambao nimezaliwa nao, na sikuwajua kwa majina waliyopewa humo. Kiingereza, na chini yake Kilatini. Majina yetu hayakuwemo.

Bwana Kitundu alikuwa amesoma mambo hayo chuoni. Alinieleza kwamba vitabu vya mwanzo vya namna ile vilichorwa kutokana na ndege waliouawa, wakakaushwa, wakajazwa pamba na kusafirishwa kwa meli. Mchoraji alikaa mbali na pengine hakuwahi kumwona ndege huyo akiruka. Ndiyo maana wote walisimama ubavu, wametazama upande mmoja, kila mmoja na kijiti chake, kama watu waliopanga foleni ya kupigwa picha ya kitambulisho. Nilimwonea huruma yule mchoraji. Mimi nilikuwa na bahati, dirishani kwangu walikuwepo wazima.

Nilichora kwenye stensili, karatasi ya nta ya kurudufia, kwa kalamu ya chuma, nikiikandamiza kwa hofu, maana ukichana umeharibu. Misheni walikuwa na mashine ya kurudufu. Ilitoa rangi moja tu, nyeusi, na kwelea bila mdomo mwekundu ni shomoro. Nikawaza usiku na mchana. Mwishowe nikachukua wino wangu mwekundu wa kusahihishia madaftari, nikaupeleka kwenye darasa la kisomo, na watu wazima wangu wakapaka midomo rangi, karatasi moja baada ya nyingine, kwa vijiti vilivyofungwa pamba. Walikuwepo akina mama ambao hawajawahi kushika kalamu. Walipaka kwa makini kama wanaotia mtoto dawa ya macho.

Walibishana juu ya majina. Mnyaturu ana lake, Mnyiramba ana lake, Mgogo aliyeolewa hapo naye ana lake. Tukaandika yote.

Siku moja darasani Mwajuma alishika ukurasa wa kwelea akautazama muda mrefu.

"Na mke wake yuko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha kwenye kitabu cha Sista. Jike alikuwepo, mdogo, amechorwa nyuma, nusu ya mwili imefichwa na mkia wa mume.

"Shambani kwangu hajifichi," akasema Mwajuma. "Wanakula sawa."

Darasa zima likacheka, lakini lilikuwa swali la kweli. Jike wa kwelea ni rangi ya udongo, kama ndege wengine kumi. Tukawakamata wachache kwa chandarua, tukaangalia, na Bwana Kitundu akalinganisha na kitabu. Wakati wa kutaga, mdomo wa jike unakuwa wa njano, kama nta. Mlango wa kiota uko ubavuni, juu kidogo. Nikachora jike peke yake, na kiota chake pembeni. Mdomo tukaupaka manjano ya kupikia.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Kabla kijitabu hakijaisha, Mzee Ntandu alikuwa ameshapeleka taarifa wilayani. Kwenye migunga iliyozunguka lambo letu kulikuwa na viota, mti mzima umening'inia viota, maelfu, kelele inasikika mpaka shuleni. Mtu yeyote angesema ni kwelea. Mimi mwenyewe nilisema.

Jibu likaja: ndege ya dawa itafika Alhamisi jioni. Ng'ombe wasinyweshwe kwenye lambo. Maji yasichotwe mpaka tutakapoambiwa. Ndege watakaokufa wasiliwe. Lambo lile lilikuwa maji yetu yote. Mengine yalikuwa ya kuchimba mchangani, mtoni, mwendo wa nusu siku na ndoo kichwani. Kijiji kizima, na watoto wa shule, na mifugo. Hakuna aliyetuambia katazo lingekaa muda gani. Na kulikuwa na watoto wadogo ambao huwezi kuwaeleza.

Jumanne baada ya masomo nilikwenda lamboni pamoja na Bwana Kitundu, tumeshika karatasi zetu. Nilitaka tu kujaribu kijitabu. Nilitaka kuona kwamba kinasema kweli.

Milango ya viota ilitazama chini.

Nilizunguka mti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Yote chini. Madume hawakuwa na midomo myekundu. Walikuwa na vichwa vyeusi na miili ya rangi ya kahawia iliyoiva, kama chungu kipya. Majike walifanana na kwelea kabisa, ila midomo yao ilikuwa ya kijivu. Tulikuwa na ndege huyo kwenye ukurasa wa nne, aina ya mnana. Nilimchora mwenyewe kutoka kwenye kitabu, sikuwahi kumwona kwa wingi ule.

"Hawa si kwelea," nikasema.

Bwana Kitundu alitazama muda mrefu. Akavua kofia akaivaa tena.

"Huenda si wao," akasema. "Au huenda wamechanganyika. Miti ni mingi, Mwalimu. Hatuwezi kuona kila kiota."

Hilo ndilo lililonikwamisha. Kama upande wa pili wa lambo, kwenye miiba ambayo hatukuweza kupenya, walikuwemo kwelea, na mimi nikasema hawamo, kijiji kingelala njaa kwa neno langu. Na kama hawamo, na nikanyamaza, tungetia sumu kwenye maji yetu kwa ajili ya ndege wasiohusika.

Tulikwenda kwa Mzee Ntandu jioni ile. Alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, anachonga mpini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaeni."

Bwana Kitundu alimweleza. Mzee aliacha kuchonga. Siku zile kurudi wilayani na kusema taarifa ya kijiji ilikosewa haikuwa jambo jepesi. Kulikuwa na watu walioitwa wapinga maendeleo kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Mzee alijua, sisi tulijua, na hakuna aliyelitaja.

Hakumtazama Bwana Kitundu. Alinitazama mimi.

"Mwalimu, una uhakika?"

"Nina uhakika, mzee."

Sikuwa na uhakika.

Nilikuwa na karatasi yenye ndege niliyemnakili kutoka kwenye kitabu cha mtu mwingine, na viota nilivyoviona kwa saa chache. Nikajua nikisema "nadhani", atarudi kwenye mpini wake na ndege ya dawa itakuja.

Mzee Ntandu aliweka mpini chini. Halafu akamwambia Bwana Kitundu, "Nenda Ihanja kwenye simu ya upepo. Sema mwenyekiti anaomba wasubiri."

Bwana Kitundu aliondoka Jumatano kabla ya jua kuchomoza. Alhamisi mchana hakuwa amerudi, na hakukuwa na habari. Akina mama walijaza kila chombo: mitungi, vibuyu, sufuria, hata beseni la kunawia wanafunzi. Sikuweza kufundisha. Niliwapa watoto hesabu za ubaoni nikasahau kuzisahihisha. Mwajuma alirudi mapema kutoka kwenye dungu, akakaa mlangoni, akanitazama ninavyotoka na kuingia.

"Wifi, kaa chini," akasema. "Unanizungusha kichwa."

Jioni tukaisikia. Ilikuja kutoka upande wa Singida mjini, chini sana, watoto wakakimbilia ndani. Nilitoka mpaka mwisho wa uwanja wa shule, mahali unapoona migunga ya lambo. Ndege ikazunguka mara ya kwanza. Ikazunguka tena, chini zaidi, na minana wote wakanyanyuka kutoka mitini kama mtu amepeperusha blanketi. Niliona madume wanavyong'aa rangi ya kahawia kwenye jua la jioni. Nikasema moyoni, waone, tafadhali waone.

Ikapanda. Ikaelekea magharibi. Haikudondosha kitu.

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Bwana Kitundu alirudi Ijumaa, amechubuka goti. Ujumbe ulifika, ila ulifika wakati ndege imeshajiandaa, kwa hiyo rubani aliambiwa apite aangalie kwanza. Aliangalia, akaenda kijiji kingine. Asubuhi ile tulichota maji lamboni kama siku zote, na watu walinisalimia kwa heshima ambayo sikuwa nimeizoea. Mzee Ntandu alinitumia kuku.

Ningependa iishie hapo.

Kwelea walikuja wiki chache baadaye. Hawakutoka lamboni. Walitoka mbali, upande wa machungani, na walikuja asubuhi watu wakiwa kwenye zamu ya shamba la kijiji. Wote tulitoka: wanafunzi, wazee, akina mama na watoto mgongoni, tukapiga madebe, tukapiga makofi, tukachoma majani mabichi. Ukiwafukuza huku wanashuka kule. Walipomaliza shamba la kijiji wakahamia mashamba ya nyuma ya nyumba. Nilimwona wifi yangu juu ya dungu lake anazungusha kombeo na mdomo uko wazi, hakuna sauti inayotoka. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa.

Niliokota mmoja aliyekufa. Mdomo wake ulikuwa mwekundu kama wino wangu.

Jioni watu walikusanyika ofisini. Hakuna aliyepiga kelele. Mwajuma alisimama mbele ya wote, akasema kwa ile sauti ya kukwaruza, "Ndege ya dawa ilikuja hapa. Mwalimu akairudisha."

Mzee Ntandu alijaribu kueleza kwamba wale wa lambo walikuwa aina nyingine. Bwana Kitundu akaeleza pia. Watu walisikiliza, kisha wakaenda nyumbani. Ukiwa na mabua matupu, habari ya mlango wa kiota unatazama wapi haikushibishi.

Tuliishi nyumba moja mimi na Mwajuma. Tulipika jiko moja. Hakunisemesha. Alipakua ugali wangu akauweka karibu nami, akageuka. Baadaye tulipoanza kula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, alikuwa anausonga kwa hasira mpaka mwiko unalia. Kisomo nacho kilipungua watu. Mimi nilikuwa nikilala naamka na swali lile lile: na kama walikuwemo kwenye ile miiba? Na kama kwelea walilala upande wa pili wa lambo siku zote zile, wakaenda machungani na kurudi? Bwana Kitundu alisema haiwezekani. Alisema hivyo kwa upole sana, na upole wake ulinitia wasiwasi zaidi.

Mtama ulikuwa bado haujaiva. Huo ndio uliobaki kwa kila mtu.

Asubuhi moja Mwajuma alisimama mbele yangu nikiwa nafagia. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu kwa muda mrefu:

"Nipe ile karatasi."

"Ipi?"

"Ya kwelea na mke wake."

Nikampa. Akaifunga kwenye pindo la kanga, akachukua kibuyu cha maji, akaondoka kuelekea machungani bila kusema anakwenda wapi. Alirudi jua likizama, miguu imechanwa na miiba. Akafungua kanga nyingine aliyoishika mkononi, ndani kuna ndege mmoja amekufa, wa rangi ya udongo, ambaye usingemtazama mara mbili.

"Angalia mdomo," akasema.

Ulikuwa wa njano, kama nta.

"Kiota mlango ubavuni," akaendelea. "Kichaka kizima. Wanataga sasa hivi. Hakuna maji karibu, wala nyumba. Niliwafuata wanakotokea."

Tulikwenda kwa Bwana Kitundu wote wawili, usiku haujaingia, na safari hii hakuna aliyeuliza kama tuna uhakika. Ndege ya dawa ilikuja siku chache baadaye, ikapita juu yetu moja kwa moja hadi kule kichakani. Tuliona ukungu mweupe unashuka.

Sikwenda kuangalia. Bwana Kitundu alikwenda, kwa kuwa ilikuwa kazi yake, akaniambia kwamba pamoja na kwelea aliwakuta bundi wawili na mwewe wamekufa, kwa kula ndege wenye sumu. Aliniambia kwa sauti ya chini kama anayetoa habari ya msiba. Nilikuwa nimewachora wote wawili, bundi na mwewe, kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya maneno "Rafiki wa mkulima". Sikujua nifanye nini na ukurasa ule.

Mtama uliokoka karibu wote.

Tulikuwa tunaupiga, mimi na wifi, uwanjani nyuma ya nyumba, vumbi la makapi limetujaa nywele. Alikuwa ameanza kunisemesha mambo madogo madogo: lete ungo, sogeza mkeka. Akasimamisha fimbo yake.

"Siku ile ya lambo ulijuaje?"

Ningeweza kumwambia habari za mlango wa kiota. Ndiyo maneno niliyowaambia wote. Sijui kwa nini kwake yalinishinda.

"Sikujua, wifi. Nilidhani."

Aliegemea fimbo yake.

"Ulimwambia Mzee Ntandu una uhakika."

"Ndiyo."

"Ungemwambia unadhani, wangepuliza."

"Ndiyo."

Akaokota suke lililoangukia nje ya mkeka, akalirudisha.

"Tungekunywa nini?" akasema, taratibu, kama anayejiuliza mwenyewe. Kisha akaniambia, "Hilo usimwambie mtu mwingine," na akaendelea kupiga mtama.

Sikumwambia mtu mwingine. Mzee Ntandu alifariki akiamini nilijua. Bwana Kitundu alihamishwa, na habari zake zikanipotea. Kijitabu kilirudufiwa tena mara kadhaa mpaka stensili zikachanika, kikaenda vijiji vingine, na nasikia watu walikitumia. Kila niliposifiwa kwa kile kijitabu nilishukuru, nikabadili mazungumzo.

Na sasa nimeyaandika hapa, ambapo mtu yeyote anaweza kusoma.

Mwajuma yu hai. Macho yamemwisha lakini masikio ni mazima, na anakaa kwa binti yake, nyumba ya tatu kutoka hapa. Kesho baada ya adhuhuri nitakwenda kumsomea haya kabla hajayasikia kwa mtu mwingine. Aliniambia nisiseme, nami nimesema, na sijui atayapokeaje. Huenda akacheka. Huenda akanyamaza tena, na safari hii hatuna miaka ya kunyamaziana.

Nitakwenda hivyo hivyo.